UZI: Natumia dawa za kushusha kinga, nataka kuchora tatuu, mchoraji anasema nipumzishe dawa kwanza. Tuongee

Dada_wa_Maweni

Sabalkheri wote. Mimi nko Malindi upande wa Maweni na nina lupasi, kwa wasioijua ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka inapiga mwili wenyewe, viungo, ngozi, figo, popote itakapoamua. Natumia azathioprini, prednisoloni na haidroksiklorokwini na kwa sasa naendelea vizuri namshukuru Mungu. Lakini iliniachia mabaka mkono wa kushoto, katikati meupe kingo nyeusi, na kila nikipanda matatu na mkono wazi kuna mtu atauliza nlichomwa na nini, wengine washanambia kabisa ni mkono wa mtu niende nikaaguliwe. Nimechoka. Nkaona nichore tatuu ya matawi ya mkoko kuanzia begani hadi kiwiko ifunike yote iishe hiyo habari.

Sasa kuna mchoraji mmoja upande wa ufuoni, jina silitaji, kazi zake nimeziona ni safi na mtu mwenyewe ni mstaarabu, akaniuliza kama nina ugonjwa wowote nkamwambia ukweli wote na dawa nkamtajia. Akasema hamna shida, pumzisha hizo dawa wiki mbili kabla ya kuchora na wiki mbili baada, kinga itarudi, kidonda kitakauka, halafu unarudia dawa zako kama kawaida.

Nlikataa. Na ninaandika uzi huu manake si yeye peke yake, ushauri huu unatembea Pwani nzima, nimeusikia Watamu kwa mama mwenye baridi yabisi, nimeusikia kwa kijana wa Lamu mwenye ugonjwa wa utumbo, wote wameambiwa hivo hivo na watu waliowatakia mema. Unaingia akilini haraka, dawa inashusha kinga, kidonda kinataka kinga, basi toa dawa. Lakini mwili haufanyi kazi hivo na naomba msome mpaka mwisho.

Nlimpelekea daktari wangu swali lenyewe kama nlivyoambiwa. Akaanza na prednisoloni. Kuna tezi mbili juu ya figo zinatengeneza homoni inayofanana na hiyo dawa, ukimeza vidonge kwa muda wa zaidi ya wiki kadhaa zile tezi zinalala, kama mfanyakazi ambaye kila siku anakuta kazi yake ishafanywa na mwenzake. Ukikata dawa ghafla haziamki siku hiyo hiyo. Unabaki huna homoni ya kidonge wala ya mwili, unatapika, unaishiwa nguvu, presha inashuka, na mtu anakufa hivo, si maneno ya kutishana. Ndio maana prednisoloni inapunguzwa kidogo kidogo na daktari, haikatwi na mtu mwenye mashine ya tatuu.

Azathioprini nayo ina mwendo wake, inachukua wiki nyingi kuanza kufanya kazi na hata kutoka haitoki haraka, kwa hivo hizo wiki mbili hazikurudishii kinga ya maana. Mtu aliyetundikiwa dripu ya rituksimabu ndio kabisa, ile kazi yake inakaa mwilini miezi sita na zaidi, wiki mbili ni za nini? Na haidroksiklorokwini haishushi kinga kama hizo nyingine, hiyo ndiyo inayozuia ugonjwa usilipuke, na watu ndiyo wanayoacha ya kwanza.

Halafu lililonifanya ninyamaze pale kwenye kiti ni hili. Ukiacha dawa ugonjwa ukalipuka, daktari atafanya nini? Atapandisha prednisoloni juu kuliko ulivyokuwa unakunywa mwanzo. Yaani utakuwa na kidonda kibichi mkono mzima na wakati huo huo uko kwenye dozi kubwa kuliko zote. Umekimbia kitu ukakiendea mbio.

Jamani, dawa haiachwi kwa ajili ya tatuu. Hilo ndilo nililokuja kusema, hayo mengine tujadili.

Bajuni_wa_Mokowe

Kwa hivo jibu ni usichore. Uzi umekwisha.

Dada_wa_Maweni

Hapana ndugu yangu sijasema hivo na daktari pia hakusema hivo. Alichonikataza moja kwa moja ni kuchora juu ya mabaka yenyewe. Manake ngozi ya lupasi ukiijeruhi, ugonjwa unaweza kufuata pale pale palipojeruhiwa, na sindano ya tatuu inaingia mara maelfu, kwa hivo ningefunika mabaka ya zamani halafu nizae mapya kwenye mistari ya mchoro. Na baka likiamka chini ya wino daktari ataliona saa ngapi, rangi ishafunika. Hilo liliniuma, siwezi kuficha, manake kufunika ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kwanza.

Kuhusu sehemu nyingine ya mwili akasema tutazame kwanza ugonjwa umetulia kwa miezi mingapi, prednisoloni iko chini kiasi gani, damu ikoje, chembe nyeupe na zile za kugandisha damu, manake lupasi na hizi dawa zote zinaweza kuzishusha na ukichorwa zikiwa chini utavuja damu na kuvilia. Akasikiliza moyo pia. Kuna wenye lupasi valvu za moyo zishaguswa, na bakteria akiingia kwenye damu kupitia ngozi huwa anapenda kukaa hapo.

Fundi_Soriasisi

Dada hilo la ugonjwa kufuata kidonda mimi ni shahidi, nna soriasisi. Tatuu nlichora nikiwa chuo Mombasa, wakati huo nlikuwa na magamba kidogo tu kwenye kiwiko. Baadae magamba yakaota juu ya mchoro kwa kufuata mistari ile ile, ukiniangalia utadhani nimechorwa kwa chokaa. Daktari wa ngozi alinambia inajulikana toka karne ya 19, kuna Mjerumani anaitwa Koebner ndiye aliyeieleza, mpaka leo inabeba jina lake. Wenye mbalanga pia inawapata, ngozi inapoteza rangi pale penye jeraha.

Nashukuru umeandika. Mchoraji wangu hakuniuliza chochote.

Sista_wa_Zamu

Masalkheri. Mimi ni nesi, niko kaunti ya Kilifi, kituo sitakitaja. Dada wa Maweni umeeleza vizuri, naongeza upande wa kinga na wino manake watu wengi hawajui.

Wino unawekwa chini ya ngozi ya juu, kama milimita moja hadi mbili ndani. Mwili unauona ni kitu kigeni, chembe za kinga zinakuja zinaumeza, haziwezi kuusaga, zinabaki nao pale. Watafiti wa Ufaransa mwaka 2018 walionyesha kwa panya kwamba chembe ikifa inaachia wino na chembe mpya inaumeza tena, ndio tatuu inadumu miaka yote. Kwa hivo mtu wa lupasi au baridi yabisi akichora tatuu ameipa kinga yake kazi ya kudumu, kinga ile ile ambayo tunajaribu kuituliza kwa dawa. Wengi inapita salama. Wengine panavimba, panawasha kwa miezi, hasa rangi nyekundu, hiyo ndiyo inaongoza kwa mzio kuliko rangi zote. Ukiamua kuchora chora nyeusi tupu.

La pili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi kazini. Ukiwa kwenye prednisoloni dalili za maambukizi zinajificha. Mtu wa kawaida kidonda kikioza anapata homa, wekundu, usaha, anajua. Wewe unaweza kuwa na bakteria anatembea ndani na homa hamna, wekundu kidogo tu. Na ngozi zetu nyeusi huo wekundu hauonekani vizuri hata siku ya kawaida, kwa hivo gusa, linganisha joto na mkono wa pili, angalia kama panakuwa pagumu, kama maumivu yanazidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua. Hapo usisubiri homa, nenda.

Msomaji_Langoni

Assalaam aleikum. Mimi niko Lamu na naongea kwa heshima, sitaki kumuumiza dada aliyeandika. Kwetu Waislamu tatuu ya sindano imekatazwa wazi, hadithi iko kwenye Bukhari na Muslim, amelaaniwa mwenye kuchora tatuu na mwenye kuchorwa. Kwa hivo ndugu zangu Waislamu wanaosoma hapa swali la dawa halifiki hata. Nlitaka liwepo kwenye uzi manake vijana wa huku Shela na Manda siku hizi wanachora halafu wanaficha kwa mikono mirefu wazazi wasione, na mwenye kuficha hata akiugua hasemi.

Dada_wa_Maweni

Waaleikum salaam ustadhi, nakushukuru kwa lugha yako nzuri. Mimi ni Mkristo, Mgiriama, lakini hilo la mwisho ulilosema ni zito. Anayeficha akiugua hasemi. Mtu yuko kwa dawa za kinga, amechora kwa siri, mkono umevimba, anaenda hospitali anasema ameumwa na mdudu. Atatibiwa mdudu. Naomba kila anayesoma, dini yoyote, ukishachora na mwili ukakataa mwambie daktari umechora, hata kama ni aibu.

Mama_Harusi_Lamu

Na nyie mnaosema sisi wa hina tuko salama ngojeni kwanza. Mimi napamba maharusi hapa Lamu miaka mingi na nataka niseme kuhusu piko, manake wasichana wenye magonjwa haya wakiambiwa tatuu hapana wanakimbilia piko wakidhani ni kitu cha nyanya zetu.

Hina ni majani, inatoa rangi ya udongo mwekundu na inataka masaa kushika. Piko nyeusi tii inayoshika ndani ya muda mfupi ni rangi ya nywele, ndani kuna kemikali inaitwa PPD, na hiyo imetengenezwa kwa nywele, haikukusudiwa kulazwa kwenye ngozi. Nimeona mkono wa biharusi umeota malengelenge yenye sura ya ua lile lile nililoona limechorwa jana yake, hakupambwa kwangu, aliletwa kwangu anauliza afanye nini. Alama ilibaki. Na ukishapata mzio wa PPD unao maisha yako yote, siku utakayopaka rangi nywele uso mzima unavimba. Mimi piko nliacha kabisa, anayetaka nyeusi namwambia nitakurudishia hina mara ya pili na ya tatu ipate kukoza, haitakuwa nyeusi kama piko lakini mkono utakuwa wako.

Sista_wa_Zamu

Bi Mama Harusi Mungu akubariki. Nakuongezea moja, watoto wachanga msiwapake hata hina ya kawaida. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kinachoitwa G6PD, huku kwetu Pwani ni wengi kwa sababu ya historia ya malaria, na hina inaweza kuvunja damu yao.

Kaka_wa_Casuarina

Mimi nna baridi yabisi, nlichora nikiwa kwenye metotreksati, nayo ni dawa ya kushusha kinga, na nlipona vizuri kabisa. Msiwatishe watu.

Dada_wa_Maweni

Nafurahi ulipona kaka, kwa moyo wote, na nataka watu wasome na hiyo yako pia. Lakini tusaidie kwa undani. Uliacha dawa? Ulikuwa na prednisoloni juu yake? Mchoro ukubwa gani?

Kaka_wa_Casuarina

Sikuacha. Metotreksati nakunywa mara moja kwa wiki na folik asidi kama kawaida, daktari alinambia niendelee tu. Prednisoloni nlikuwa nimeshaachishwa kitambo. Mchoro mdogo, ukubwa wa kiganja, begani. Na nlikuwa sina uvimbe kiungo chochote karibu mwaka mzima, kweli hilo sikulisema.

Sista_wa_Zamu

Sasa hapo kaka umewapa watu darasa kuliko sisi wote. Ugonjwa ulikuwa umelala, dawa hazikuguswa, mchoro mdogo, daktari alijua. Ndivyo wengi wanavyopita salama. Anayesoma asichukue "alipona" akaacha hayo mengine.

Mvuvi_wa_Mayungu

Swali langu mimi ni la bahari. Maji ya chumvi si yanakausha kidonda? Sisi tukikatwa na mshipi tunachovya baharini tunaendelea na kazi.

Sista_wa_Zamu

Kaka yangu hapana, na hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni. Kwenye maji ya bahari ya joto, hasa pale mto unapoingilia maji ya chumvi yakachanganyika na ya mto, anaishi bakteria anaitwa vibrio. Mtu mwenye kinga nzima mara nyingi hamwoni. Mwenye ini bovu au kinga iliyoshushwa akiingia na kidonda, bakteria huyu anakula nyama kwa masaa. Kuna kisa madaktari walikiandika 2017, mwanaume wa miaka 31, ini lake lilikuwa bovu, alichora tatuu mguuni halafu siku 5 baadae akaogelea Ghuba ya Meksiko. Akafika hospitali mguu umebadilika rangi, na baada ya kama miezi miwili ya kulazwa akafa.

Sasa fikiria hapa kwetu, mto Sabaki wakati wa mvua unavyomwaga tope mpaka bahari ya Malindi inakuwa kahawia. Mgonjwa wa lupasi amechora Jumamosi, Jumapili anaenda kuoga pale. Mimi nawaambia wagonjwa wangu, hamna bahari, hamna bwawa la hoteli, hamna kisima cha kujimwagia mpaka ngozi ifunge kabisa, na kwa mtu wa prednisoloni kufunga kunaweza kuchelewa kupita zile wiki mbili tatu mnazoambiwa.

Mvuvi_wa_Mayungu

Nimeelewa sista. Mke wangu ana figo, yuko kwa hizo dawa za kushusha kinga, na ndiye anayeparua samaki nyumbani. Hilo la kuparua samaki na mkono uliokatika nalo je?

Sista_wa_Zamu

Nalo ni hatari hiyo hiyo. Avae glavu au akuachie wewe. Akijichoma na mwiba wa samaki aoshe kwa sabuni na maji safi mengi hapo hapo, na mkono ukianza kuuma vibaya au kubadilika rangi aje hospitali saa hiyo hiyo, asingoje kesho.

Wino_Safi

Mimi ni mchoraji, si yule wa kwenye uzi, nafanya kazi Watamu msimu wa kaskazi wageni wakiwa wengi. Nakubali kuna wenzetu wanatoa ushauri wa udaktari, hilo si letu. Ila kwa upande wa vifaa mtu akija kwa mchoraji anayetumia wino wa Ulaya yuko salama, kule kuna sheria kali ya wino tangu Januari 2022, kemikali kibao zimepigwa marufuku.

Dada_wa_Maweni

Karibu sana na asante kwa kujitokeza, uzi huu unawahitaji nyie kuliko mtu yeyote. Sheria hiyo ipo kweli na ni nzuri, lakini ni ya kemikali, na mimi hofu yangu ni wadudu. Nimesoma kisa cha Rochester, jimbo la New York, mwishoni mwa 2011. Watu 19 walichorwa na mchoraji mmoja wakatoka vipele visivyoisha, na mchoraji mwenyewe alikuwa msafi, glavu, sindano mpya, kila kitu. Bakteria alikuwa kwenye wino wa kijivu uliochanganywa tayari, walimkuta hata kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Ni jamaa wa ukoo mmoja na wa TB, anaishi kwenye maji, na dawa za kawaida kama amoksilini hazimfanyi kitu.

Kwa hivo nakuuliza wewe kama mtaalamu, ukitaka kijivu unapunguza wino mweusi na maji gani?

Wino_Safi

Natumia maji ya chupa ya kunywa. Wengine nimeona wanatumia ya bomba au ya kisima.

Sista_wa_Zamu

Maji ya chupa ya kunywa si maji yaliyouliwa wadudu kaka. Nunua yale ya kuchanganyia sindano, duka la dawa yapo, kichupa kidogo bei rahisi, ukifungua tumia kwa mteja mmoja kilichobaki mwaga. Maji ya kisima mtu anaweza kuyanywa maisha yake yote yasimfanye chochote, kuyaweka chini ya ngozi ni habari nyingine kabisa.

Wino_Safi

Sawa sista. Nanunua leo. Na fomu yangu naongeza swali la dawa, anayetumia za kinga alete barua ya daktari.

Dada_wa_Maweni

Mungu akuzidishie. Wachoraji kumi wakifanya hivo kuanzia hapa mpaka Shela, watu watapona bila hata kujua walikuwa karibu na nini.

Mwalimu_Mstaafu

Na wanaosema haya ni mambo ya Wazungu nawauliza, figo za Mzungu na za Mdigo zinatofautiana wapi? Nimemzika mpwa wangu aliyeacha dawa zake za lupasi, si kwa sababu ya tatuu, aliambiwa na mtu zitamharibia uzazi akaziacha kimya kimya. Mwanangu wa Maweni endelea kusema.

Dada_wa_Maweni

Pole sana mwalimu, shikamoo. Pole kwa familia yote.

Binti_Kisumu_Ndogo

Mimi swali langu ni homa ya ini. Nimeambiwa nichanjwe kabla. Ni lazima kweli?

Sista_wa_Zamu

Kwa mtu wa hizi dawa mimi naona anza na hapo kabla hata ya kuchagua mchoro. Kwanza pima homa ya ini aina ya B, manake kuna watu wanayo imelala hawajui, na dawa za kinga, hasa rituksimabu na prednisoloni ya dozi kubwa, zinaweza kuiamsha, tatuu au hamna tatuu. Kama huna, chanjwa. Ni sindano tatu, ya kwanza, ya pili mwezi mmoja baadae, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Haina kirusi hai kwa hivo mtu wa kinga ya chini anaruhusiwa. Ila mwili wako unaweza usiitikie vizuri kama wa wengine, kwa hivo mwezi mmoja au miwili baada ya ile ya tatu pima kama kinga imejengeka. Watoto wa Kenya wanaipata kwenye chanjo za kawaida tangu mwishoni mwa 2001, waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana kabisa.

Na ya C haina chanjo, hapo sindano mpya na mchoraji mwaminifu ndiyo kinga yako.

Kaka_wa_Casuarina

Dada uliamua nini mwishowe?

Dada_wa_Maweni

Nimeamua kungoja. Prednisoloni yangu inapunguzwa, daktari anataka ifike chini kabisa na ugonjwa ukae kimya nusu mwaka hivi, na sindano za homa ya ini nshaanza kwa hivo hata huo muda utaenda na hizo. Kaskazi hii yote sichori, jua hili na lupasi havipatani na kidonda kipya huwezi kupaka mafuta ya jua, unabaki kujifunika leso mchana kutwa. Ikifika nitachora mdogo, mweusi, mgongoni juu penye ngozi isiyowahi kutoka baka. Mguuni sitaki, nlisoma kisa cha mwanamke wa Scotland, alipandikizwa mapafu 2009 yuko kwa dawa hizi hizi, akachora paja, siku 9 baadae maumivu ya paja na goti yakaanza yasiyolala, misuli ilikuwa imevimba, yakamalizika baada ya miaka 3. Madaktari wenyewe hawakuweza kuthibitisha ni tatuu, ila nliposoma niliona miguu yangu naihitaji.

Mabaka ya mkono nimeyaacha. Nimeanza kuvaa mikono mifupi kwenye matatu, na anayeuliza namwambia ni lupasi, namweleza. Wawili watatu washaniomba jina la kliniki.

Mpwa_wa_Mkomani

Samahani naingia nikiwa na haraka. Nimesoma uzi wote usiku. Binamu yangu hapa Lamu anatumia metotreksati na prednisoloni, alichora mkono kama wiki tatu zimepita, kijivu kijivu hivi. Mwanzo palikuwa pazuri, sasa vimetoka vipele vigumu ndani ya mchoro, havina usaha, homa hana. Duka la dawa wakasema mzio wakampa krimu ya steroidi, jamii ya prednisoloni lakini ya kupaka, tangu apake vimeongezeka. Hiyo si ile ya Rochester?

Sista_wa_Zamu

Siwezi kusema ni hiyo bila kumwona, lakini wiki tatu, wino wa kijivu, vipele vigumu, steroidi imevizidisha, hapo mimi singemwacha alale tena nyumbani. Aache hiyo krimu ya kupaka, VIDONGE ASIACHE, daktari ndiye atakayeamua kuhusu vidonge. Leo aende King Fahd aonwe, na aseme maneno haya: nimechora tatuu, natumia dawa za kushusha kinga, naomba kipande cha ngozi kipimwe na kioteshwe kutafuta bakteria wa jamii ya TB wanaoishi kwenye maji. Kuotesha kwenyewe kuna uwezekano mkubwa sampuli ipelekwe Mombasa au Nairobi. Akianzishwa amoksilini peke yake aulize kwa upole kama imefikiriwa hii nyingine, manake matibabu yake ni dawa tofauti na zinakunywa kwa miezi.

Mpwa_wa_Mkomani

Anaogopa kusema ni tatuu, baba yake ndiye atakayempeleka.

Msomaji_Langoni

Kijana, mimi niko Langoni, dakika chache kutoka kwenu. Nitumie ujumbe wa faragha. Nitaongea na mzee mimi mwenyewe na nitakwenda nao. Kosa la kuchora ni baina yake na Mola wake, kutibiwa ni haki yake leo hii.

Mpwa_wa_Mkomani

Nimekutumia ustadhi. Mzee amekubali, tunatoka sasa. Nimebeba pakiti zote za dawa na picha ya chupa ya wino mchoraji katutumia.

Sista_wa_Zamu

Hiyo picha ya wino mpeni daktari, hasa namba iliyoandikwa chini ya chupa. Na mwambieni mchoraji aweke hiyo chupa pembeni asimchore mtu mwingine nayo mpaka majibu yatoke.